Kuchagua buti za msituni hapa Malindi: joto, raha ya mguu na harufu

Kazi yangu ni kuongoza wageni katika msitu wa Arabuko-Sokoke, upande wa Gede, kwa mguu. Vijana wanaoingia katika kazi hii huniuliza wanunue buti gani, na mimi huwauliza kwanza kama miguu yao hutoka jasho jingi. Wengi hudhani nimebadilisha mada. Sijabadilisha. Huku pwani jasho ndilo linalopika mguu, ndilo linaloleta malengelenge, na ndilo linalompelekea mnyama habari kwamba unakuja. Ukichagua buti kwa kufuata jasho, hayo mengine yatakaa sawa.

Buti nyingi imara utakazozikuta kwenye mitumba zilishonewa wawindaji wa Marekani na Ulaya. Kwetu uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, lakini viatu vyao vimetufaa sisi tunaofuata wanyama kwa macho na kamera. Shida ni kwamba mwindaji wa kule anaweza kukaa saa nyingi juu ya mti bila kusogea, theluji imetanda chini, akimngoja mnyama apite. Kiatu chake kimetengenezwa kwa mahitaji hayo. Wewe utatembea kwenye mchanga, jua likiwa utosini.

Hatua ya 1: Soma ulimi wa kiatu

Vuta ulimi, angalia ndani na pembeni. Ukiona neno Thinsulate na namba kama 200, 400, 800 au hata 1,000, hizo ni gramu za kitambaa cha kuhifadhi joto kwa kila mita moja ya mraba. Namba ikipanda, joto linapanda. Rudisha kiatu mezani, hata kama ni cha 200 na bei ni ya kutupa. Usijidanganye kwamba utakichana utoe kile kitambaa: kimeshonewa katikati ya ngozi na bitana, ukikitoa umekiua kiatu. Hata jioni tunapokwenda kumtafuta yule bundi mdogo wa Sokoke, au alfajiri ya masika, sijawahi kutamani kiatu chenye joto zaidi.

Neno la pili la kutafuta ni Gore-Tex au maandishi ya kuonyesha kwamba kiatu hakipitishi maji. Hapa wenzangu wengi hatukubaliani. Utando mwembamba wa ndani unaozuia maji hutoa mvuke wa jasho vizuri pale hewa ya nje ilipo baridi na kavu. Hewa yetu ni ya moto na ina unyevu wa bahari, kwa hiyo mvuke hauna haraka ya kutoka. Tena mvua ya masika ikikunyeshea, maji huteremka mguuni yakaingia kwa juu, na yakishaingia hayana pa kutokea. Mimi napendelea buti ya ngozi mbele na kisiginoni, turubai ubavuni, isiyo na utando wowote. Italowa, ndiyo, lakini ukiianika leo, kesho unaivaa.

Hatua ya 2: Bonyeza soli kwa dole gumba

Hatua hii usiipite, nakuomba. Miaka kadhaa nyuma nilinunua buti za mtumba zilizong'aa kama mpya, soli nene, hazina hata mkwaruzo. Siku ya tatu nikiwa na wageni wawili ndani kabisa ya msitu, soli ya kushoto ilianza kumeguka kama mkate mkavu, kisha ikabanduka yote. Nilirudi nimefunga kiatu kwa kamba, na wageni wakanisubiri kila hatua mia. Iliniuma sana, kwa sababu walikuwa wametoka mbali kuja kuona ndege na asubuhi yao ikaishia kwenye kiatu changu.

Sababu yake nilikuja kuielewa baadaye. Sehemu laini katikati ya soli, ile inayopunguza kishindo, mara nyingi ni poliuretani, aina ya plastiki, na poliuretani huvunjwa na unyevu na joto hata kiatu kikiwa kimekaa kabatini hakivaliwi. Ndiyo maana kiatu kinachoonekana kipya kinaweza kuwa kizee. Kwa hiyo bonyeza kwa nguvu ubavuni mwa soli, halafu kikunje kiatu. Ukiona nyufa ndogo ndogo, ukihisi inanata, au unga ukibaki kidoleni, achana nacho. Soli ya mpira mtupu iliyoshonwa kwa uzi ndiyo salama, na ikichakaa fundi viatu ataibadilisha.

Angalia pia ugumu. Soli ngumu kama ubao hupiga kelele kwenye majani makavu, na sange wetu, yule mwenye pua ndefu na kiuno cha dhahabu, akikusikia hupiga mkia chini na kutoweka kwa kuruka. Soli ikunjike pale vidole vinapokunjika.

Hatua ya 3: Jaribu jioni, na soksi zako mwenyewe

Mguu huvimba kadiri siku inavyokwenda, na zaidi kwenye joto. Kiatu kinachokutosha saa mbili asubuhi kitakubana saa nane mchana. Nenda jioni. Kabla ya kufunga kamba, sukuma mguu mbele mpaka vidole viguse: kidole kimoja cha mkono kiingie nyuma ya kisigino. Kisha funga, uteremke ngazi kadhaa. Vidole vikigonga mbele, kiatu ni kifupi. Kisigino kikipanda na kushuka, malengelenge yako njiani.

Shingo ya buti ipite kifundo cha mguu. Kuna siafu, kuna kupe, na kuna bafe anayelala kwenye majani bila kujishughulisha na mtu mpaka akanyagwe.

Soksi za pamba ziache nyumbani. Pamba hunywa jasho na kulishikilia, na ngozi iliyolowa huchunika upesi. Sufu nyembamba au nailoni iliyochanganywa na sufu ni bora, na chukua jozi ya pili mkobani, ubadilishe katikati ya matembezi.

Hatua ya 4: Harufu

Jasho lenyewe likitoka halina harufu kubwa. Bakteria wa kwenye ngozi ndio hulila na kutoa ile harufu, na wanastawi penye giza, joto na unyevu, yaani ndani ya buti yako. Ngozi na turubai hufyonza harufu hiyo, mpira haufyonzi sana. Kwa sababu hiyo wawindaji wengi wa Marekani huvaa buti ndefu za mpira, huzihifadhi kwenye sanduku la plastiki lenye mfuniko, na hawazivai wakienda kujaza mafuta ya gari. Gambuti kwetu hugeuka sufuria, lakini nidhamu yao nimeichukua.

Buti zangu za msitu hazikanyagi sokoni wala kwenye duka la samaki. Hazikai chumba kinachofukizwa udi: nguo zetu tunazipenda zinukie, ila harufu ya chetezo ikishaingia kwenye ngozi ya kiatu hukaa wiki. Dawa ya mbu naipaka mikononi, sipulizii viatu. Nikirudi, natoa kitandiko cha ndani, napanua ulimi, naviweka kivulini penye upepo, na kama vimelowa najaza magazeti nikiyabadilisha yanapolowa. Usivianike karibu na jiko. Ngozi itakauka ipasuke, gundi italegea, na utanukia moshi. Kiatu kikianza kunuka kweli, futa ndani kwa siki iliyochanganywa na maji, kiache kikauke kabisa.

Hata hivyo, usimdharau tembo. Ana jeni za kunusia karibu 2,000, binadamu tuna takriban 400. Buti safi haitakuficha kwake. Kinachokusaidia ni upepo: dondosha vumbi kidogo, ulitazame linakoelekea, usimkaribie mnyama upepo ukitoka kwako kwenda kwake. Na ukiona kinyesi kibichi cha tembo, geuza wageni. Hapo buti nzuri ni ile inayokurudisha haraka bila kuchechemea.

Hatua ya 5: Mida ni kiatu kingine

Kwenye mikoko ya Mida Creek usipeleke buti ya ngozi. Chumvi huikausha, na vile vijishimo vya chuma vya kamba hushika kutu. Vaa raba kuukuu za turubai, kamba umezikaza hasa, maana tope huvua kiatu kilicholegea. Peku usithubutu, chaza walioshika kwenye mizizi hukata kama wembe. Ukitoka, suuza kwa maji ya kisima siku hiyo hiyo, kabla tope halijakauka.