Simu za Mezani za Intaneti: Nyumba na Duka Tanga

Kwa nyumba yenye duka barazani, iwe Ngamiani au Chumbageni, anza na simu za ndani. Hizo hupita kwenye ruta yako tu: hazili bando, na intaneti ikikatika duka na jikoni bado wanaongea.

Tafuta kompyuta ya zamani yenye RAM ya GB 4 ya kuwekea FreePBX (programu ya bure inayounganisha simu), adapta ya Grandstream HT802 (kifaa kinachounganisha simu za kawaida na ruta) na simu mbili za kawaida za mezani. Ukinunua adapta nyingine, hakikisha matundu yake yameandikwa FXS, yaani ya kuchomekea simu. FXO ni tundu la kupokea laini ya kampuni ya simu. Simu ukiichomeka hapo haitoi mlio hata ikiwa nzima.

Kompyuta iunge kwa waya, si Wi-Fi, kisha kwenye ruta iwekee anwani ya mtandao (IP) isiyobadilika, mfano 192.168.1.10. Hatua hii usiiruke. Umeme ukikatika na kurudi, ruta inaweza kuipa anwani nyingine, na simu zote zikakaa kimya ilhali hakuna kilichoharibika.

Ndani ya FreePBX fungua namba 101 na 102, moja kwa kila simu, za aina ya PJSIP (chaguo lililo kwenye orodha ya FreePBX), kila moja na nywila ndefu, ubonyeze Apply Config. Bila hivyo hakuna kinachobadilika. Inua simu iliyochomekwa kwenye adapta, bonyeza *** (nyota mara tatu), kisha 02: itakusomea anwani ya adapta. Iandike kwenye kivinjari. Kwenye kurasa za adapta zinazofunguka, anwani ya kompyuta inakaa kwenye Profile 1. Namba na nywila zinakaa kwenye ukurasa wa FXS Ports. Kwenye simu ya 101 piga *43, namba ya majaribio. Ukisikia sauti yako ikirudi, piga 102, simu ya pili.

Kupiga nje kunahitaji akaunti ya SIP (njia ya kupiga simu kupitia intaneti) ya mtoa huduma. Kodeki ya G.711, yaani namna ya kugeuza sauti kuwa data, hula karibu kbps 87 kila upande, yaani takriban MB 1.3 kwa dakika kwa pande zote mbili. Mkisikika upande mmoja tu, zima SIP ALG, kipengele cha ruta kinachoingilia simu za SIP. Mlango wa 5060 wa ruta, unaotumiwa na simu za SIP, usiufungue kwa intaneti nzima: wezi hubahatisha nywila, wakapiga nchi za mbali kwa gharama yako.

Ruta, kompyuta na adapta vyote viwe kwenye UPS, betri ya akiba umeme ukikatika. Karibu na bahari, chumvi hushika kwenye matundu ya waya na simu huanza kukwaruza, kwa hiyo vifaa viweke mbali na dirisha. Simu ya mkononi ibaki karibu kwa ajili ya 112, namba ya dharura.