Siagi ya nyumbani kutoka kwenye malai ya maziwa ya chai

Kama unataka siagi ya nyumbani isiyokuumiza mfuko, usinunue maziwa kwa ajili ya siagi. Lita moja ya maziwa halisi ya ng'ombe ina mafuta kiasi cha asilimia 3.5 hadi 5, na ukiengua malai kwa kijiko utaambulia gramu 30 hadi 40 tu za siagi. Robo kilo inataka lita saba hivi. Zidisha kwa bei ya maziwa mtaani kwako, utakuta mara nyingi siagi ya dukani ina nafuu.

Lakini nyumba inayochukua lita moja kila siku kwa chai na uji wa watoto inayo siagi hiyo tayari. Inaelea juu ya sufuria kila asubuhi, na wengi tunaikoroga ikarudi ndani au tunaitupa pamoja na utando. Ukiikusanya kwa wiki moja, matumizi yako ya maziwa hayaongezeki hata shilingi, na maziwa yanayobaki bado yanafaa kwa chai, uji na mtindi.

Maziwa gani yanafaa

Tumia maziwa mabichi ya kupimiwa, ya mfugaji au ya kibandani. Maziwa mengi ya pakiti yamepitishwa kwenye mashine inayovunja matone ya mafuta yakawa madogo mno, hayawezi tena kupanda juu. Utayasubiri hata siku mbili na malai hutayaona.

Ng'ombe nao wanatofautiana. Friesian ana maziwa mengi yenye mafuta machache. Jersey na ng'ombe wetu wa kienyeji wana maziwa machache yenye mafuta zaidi. Ukitaka kumjua muuzaji wako, chukua maziwa yake yakiwa mabichi, jaza chupa nyeupe inayoonyesha ndani, iweke kwenye friji usiku kucha, kisha itazame bila kuitikisa. Utaona mstari, juu manjano hafifu na chini nyeupe. Fanya hivyo kwa wauzaji wawili au watatu, ulinganishe unene wa ile sehemu ya juu. Mwenye tabaka jembamba siku zote, ama ng'ombe wake ndivyo walivyo, ama maji yameongezwa. Kwa vyovyote, siagi haiko kwake. Maziwa ya kipimo hicho yachemshe kabla ya kuyatumia.

Hatua ya 1: Chemsha, kisha acha yatulie

Maziwa mabichi yanaweza kubeba vijidudu vya brusela (ugonjwa wa homa unaotoka kwa mifugo) na vya kifua kikuu, kwa hiyo kuchemsha si jambo la hiari. Yakishapanda, punguza moto yaendelee kutokota taratibu kwa dakika tano. Ipua, funika kwa kawa au kitambaa chepesi ili mvuke utoke, na kuanzia hapo usikoroge. Yakipoa, ingiza sufuria kwenye friji hadi asubuhi.

Hatua ya 2: Engua na ukusanye

Asubuhi utakuta tabaka zito limeshikana juu. Pitisha kijiko kipana pembeni mwa sufuria kwanza, kisha uliinue. Weka kwenye kopo safi lenye kifuniko na ulihifadhi sehemu ya kugandishia barafu. Kila siku ongeza juu ya yale ya jana.

Hatua ya 3: Chachusha

Malai ya wiki yakifika nusu lita au zaidi, yatoe yayeyuke, kisha changanya na kijiko kikubwa kimoja cha mtindi usio na sukari. Funika, acha nje. Kwa joto la Dar es Salaam au Mombasa, saa nane hadi kumi zinatosha. Njombe au Limuru huenda yakahitaji siku nzima. Yawe mazito na yenye harufu ya mtindi safi. Unaweza kuruka hatua hii ukapata siagi tamu ya kawaida, lakini mimi siiruki: uchachu unasaidia mafuta kujitenga, na ladha yake haifanani kabisa na ile ya malai yasiyochachushwa.

Hatua ya 4: Suka

Hapa joto ndilo linaloamua kila kitu. Malai yakiwa ya moto, mafuta yanalainika na mengi yanaondoka na maji. Yakiwa baridi kupita kiasi, yanaumuka na kukwama bila kuachana. Kiwango kizuri ni nyuzi 12 hadi 15. Kama huna kipimajoto, yarudishe kwenye friji hadi yapoe kabisa, kisha yatoe yakae nje kidogo, mpaka chupa iwe baridi mkononi bila kuumiza vidole. Pwani, fanya kazi hii alfajiri.

Tumia chupa ya mdomo mpana, na usipitishe nusu, kwa sababu malai yanahitaji nafasi ya kujigonga. Suka kwa mapigo marefu. Sikiliza: mwanzo yanachapa kama kitu chepesi, kisha yanavimba na sauti inapotea kabisa, na chupa inaonekana kama imejaa. Wengi hukata tamaa hapo. Endelea. Ghafla utasikia kishindo kizito ndani, na ukuta wa chupa ambao ulikuwa umepakwa malai unasafika wenyewe. Fungua: chembe za manjano kama chenga za mchele zinaelea kwenye maji meupe. Acha hapo hapo. Ukizidisha, chembe zinashikana na kufungia maji ndani, na kuyaosha kunakuwa kazi.

Kwa kawaida ni dakika 15 hadi 30. Zikipita na hujaona kitu, itumbukize chupa kwenye beseni la maji baridi kwa dakika kumi ikiwa malai yamelegea, au ishike kwa viganja vyenye joto ikiwa yamekaza. Blenda inafaa, lakini kwa kasi ndogo na kwa kuwasha na kuzima.

Chuja. Yale maji meupe ni mtindi mwembamba. Kandia mandazi au unywe.

Hatua ya 5: Osha, usifanye haraka

Siagi nyingi za nyumbani huchacha siku ya tatu kwa sababu hazikuoshwa. Mabaki ya maziwa yaliyobaki ndani ndiyo chakula cha vijidudu, na malai ya maziwa yaliyochemshwa yana utando mwingi zaidi wa kuondoa. Mimina maji baridi yaliyochemshwa yakapozwa, bonyeza siagi kwa mwiko wa mti, mwaga. Rudia hadi maji yatoke yakiwa yanaonyesha chini ya bakuli. Kisha ikande bila maji, ukiinamisha bakuli na kuminya kila tone linalochuruzika.

Kwa robo kilo, nusu kijiko cha chai cha chumvi kinatosha. Usishtuke rangi ikibadilika mwaka mzima: manjano inatoka kwenye majani mabichi, hivyo wakati wa mvua siagi inakolea na kiangazi inapauka. Weka kwenye chombo chenye kifuniko cha kubana, mbali na samaki na vitunguu, maana inanyonya harufu. Ndani ya friji itumie katika wiki mbili.

Kama huna friji

Usijaribu kulimbikiza malai matupu, yataharibika. Fanya kama wafugaji wafanyavyo kwa kibuyu: gandisha maziwa yote yaliyochemshwa yawe mtindi, lita mbili au tatu kwa pamoja, kisha uusuke mzima asubuhi na mapema, chupa ikiwa imelala usiku kucha kwenye maji ya mtungi. Siagi itakuwa kidogo na laini, lakini mtindi unaobaki unanyweka wote, hakuna kilichopotea.

Siagi hiyo igeuze samli siku hiyo hiyo. Iyeyushe kwa moto mdogo kwenye sufuria nzito, bila kufunika. Itatoa povu na kulia, kwa kuwa maji yanakauka. Sauti ikififia, mafuta yakawa maangavu na mashapo ya chini yakaanza kuwa kahawia, ipua mara moja, kwani kutoka kahawia hadi kuungua ni muda mfupi sana. Chuja kwa kitambaa safi kwenye chupa kavu kabisa. Gramu 200 za siagi zitakupa kama 160 za samli, na inakaa miezi kadhaa kabatini mradi usiichote kwa kijiko chenye maji. Mashapo changanya na wali wa moto na chumvi kidogo.