Namna ya kulifuatilia neno "kuchagua" katika Biblia

Ukipangiwa somo la uchaguzi kwenye kikundi cha Biblia, mkono huenda wenyewe Yoshua 24:15. Ni mstari wa kalenda za ukutani: "mimi na nyumba yangu tutamtumikia BWANA." Nimefundisha Kiswahili sekondari hadi nikastaafu, na sasa huongoza kikundi cha jioni hapa mtaani, kwa hiyo nina ugonjwa wa mwalimu: siamini nusu ya sentensi. Rudi uisome yote. Yoshua anawaambia watu kwamba kama wanaona vibaya kumtumikia Bwana, basi wachague: miungu ambayo baba zao waliitumikia ng'ambo ya Mto, au miungu ya Waamori. Orodha aliyowawekea wachague ni ya sanamu kwa sanamu! Yoshua mwenyewe hachagui katika orodha hiyo. Ameshatangaza upande wake. Mstari ukisomwa hivyo unauma zaidi kuliko ule wa kwenye kalenda.

Basi anza hapo: kabla ya kuuliza neno lina maana gani, uliza mchaguzi amewekewa nini mbele yake.

Vifaa si vingi. Mimi hutumia Biblia ya Union Version, daftari, na programu ya simu yenye namba za Strong. James Strong alitoa itifaki yake, yaani orodha ya maneno ya Biblia na mistari yanamotokea, Marekani mwaka 1890, akalipa kila neno la Kiebrania na la Kigiriki namba yake. Huna haja ya kujua herufi za Kiebrania ili kulifuata neno. La kuchagua ni bachar, H977 (H ni ya Kiebrania, G ni ya Kigiriki). Fungua orodha yake yote, usiridhike na mistari mitatu unayoikumbuka.

Piga mistari ya safu tatu daftarini: nani anachagua, anachagua kati ya nini, na sababu kama imetajwa. Jaza polepole. Lutu anajichagulia bonde la Yordani kwa sababu ameona lina maji (Mwanzo 13). Daudi anajichagulia mawe laini matano kijitoni (1 Samweli 17:40). Ni neno lile lile, halina utakatifu wowote ndani yake. Ni la mtu anayeokota akiangalia. Halafu fika Kumbukumbu la Torati uone safu ya kwanza inavyobadilika. Tena na tena anayechagua ni Mungu: anachagua watu, anachagua mahali pa jina lake. Na ile safu ya sababu, ambayo kwa Lutu ilijaa maji, hapa inakataa kujaa. Sura ya 7:7 inasema hawakuchaguliwa kwa wingi wao, maana walikuwa wachache kuliko watu wote. Mstari wa 8 unataja upendo, na kiapo walichoapiwa baba zao. Wape wanakikundi muda wa kukaa na tofauti hiyo. Ukiwahi kufika 30:19, "basi chagua uzima," watausikia kama neno la watu walioambiwa wachague baada ya wao wenyewe kuchaguliwa.

Kitu kingine daftari litakuonyesha: Edeni haimo. Mara ya kwanza bachar linapotokea ni Mwanzo 6:2, wale waliojitwalia wake wo wote waliowachagua. Je, Adamu na Hawa hawakuchagua? Walichagua, bila shaka. Ila wazo linaweza kuwepo bila neno lake, na itifaki haijui kutafuta wazo. Kwa hiyo acha ukurasa mtupu nyuma ya daftari kwa ajili ya visa vya namna hiyo.

Upande wa Kigiriki nenda haraka kwenye eklegomai, G1586, "kutoa kwa kuchambua kati ya vingi." Ndilo wafasiri wa kale wa Agano la Kale kwa Kigiriki walilotumia mara nyingi mahali pa bachar. Luka 6:13, Yesu na wale kumi na wawili. Luka 10:42, fungu jema la Mariamu. Yohana 15:16, "Si ninyi mlionichagua mimi." Hapa huna kazi kubwa, zile safu tatu zitakusemea.

Kazi iko kwenye hairesis, G139. Limetokana na kitenzi cha kujichukulia, kujichagulia, na ndilo lililozaa neno la Ulaya la uzushi wa dini. Wahubiri hulipenda: "Mnaona? Kuchagua ndio uzushi wenyewe!" Tafadhali, usiende njia hiyo. Katika Matendo 5:17 Union Version inalitafsiri "madhehebu," ya Masadukayo, wala hapo si tusi. Josephus, mwanahistoria wa Kiyahudi wa karne ya kwanza, aliliita hivyo kundi la Mafarisayo, la Masadukayo na la Waesene. Wagalatia 5:20 neno hilo hilo linakuwa "uzushi," likiwa limekaa ubavuni mwa fitina na faraka. Ni majirani zake kwenye mstari waliolitia ubaya. Mzizi hauna kosa. Neno huishi kama mtu anavyoishi mjini: ukitaka kumjua leo, waulize majirani kabla ya kwenda kijijini kwa babu yake.

Onyo hilo hilo lihusu Kiswahili chetu. "Hiari" na "heri" zimetoka mzizi mmoja wa Kiarabu, ule ule wa istikhara, sala ya Mwislamu anayeomba aongozwe kwenye lililo bora. Ni uzuri wa kufurahia, ila usiutie mdomoni mwa Musa. "Hiari" katika Filemoni 14 inapingana na "lazima," na Kigiriki chake kina mzizi mwingine kabisa.

Ukibaki na muda, peleka kikundi Isaya 48:10: "nimekuchagua katika tanuru ya mateso." Katika gombo kubwa la Isaya lililopatikana Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, herufi moja ni tofauti, na linasomeka "nimekujaribu." Katika Kiaramu, mzizi wa kuchagua hubeba pia maana ya kujaribu. Hapo usitoe hukumu haraka, waache wabishane.

Mistari igawe siku moja kabla, kila mtu na wake, kwa karatasi. Waamuzi 10:14 mpe mwenye sauti nzito asiyeona haya, maana pale Mungu anawaambia waende wakaililie hiyo miungu waliyoichagua, na sentensi hiyo ikisomwa kwa upole somo limeharibika.