Kusifle mechi ya batoto ku kartiye, vile inafaa kufanywa

Vakanse ikianza, hapa Lubumbashi kila kartiye inatoka na turnwa yake, Katuba, Kenya, Ruashi, Kampemba, ata kule Annexe, na kila mara banahangaika kutafuta muntu wa kupiga sifle. Banaishia kukamata yaya moya mwenye alichezaka zamani, banamutia sifle mu mukono, "yaya, tusaidie tu hii mechi moya". Bon, haya maneno ni ya ule yaya, mwanaume ao mwanamuke, juu ba mama pia banasifle na banasifle muzuri.

Kitu cha kwanza cha kuelewa: mechi ya batoto haiko mechi ya bakubwa yenye imepunguzwa. Mukubwa ukimunyima fote atapiga makelele na kesho amesahau, lakini mutoto wa myaka 10 mwenye banamupiga buti mara tatu na arbitre eko mbali, ao mwenye kochi anamutukana mbele ya bantu na arbitre ananyamaza, ule mutoto anaacha mupira, na hautamuona tena ku tereni. Kwa hiyo kazi yako ni kuchunga batoto, kiisha kubafundisha sheria, na bikombe na matokeo bikuye nyuma.

Sheria ziko 17, IFAB, ile komite ya dunia ya sheria za mupira, njo inaandikaka, kila mwaka banabadirisha kidogo na mabadiriko inaanzaka mu julayi. Kitabu cha Kifaransa kiko bure ku intaneti, utie mu telefone yako, usome kidogokidogo. Na ujue kama zile sheria zenyewe zinakubali kubadirisha vitu kwa batoto: ukubwa wa tereni, ballon, magoli, dakika, ata mutoto kutoka na kurudi tena. Ballon namba 5, ile ya bakubwa, iko na mzunguko wa santimetre 68 mpaka 70, kwa batoto ba myaka 8 mpaka 12 namba 4 njo inafaa, haibaumizi na banaweza kuipiga muzuri.

Mbele ya mechi uite bakochi bawili pamoja, si moya moya pembeni, pamoja, na mwingine asikie yenye mwenzake anasikia. Musikilizane dakika ngapi, banabadirisha batoto ngapi, na kama mutoto mudogo akirusha tushi mbaya anarudilia mara moya ao inaenda kwa ba adversere (sheria inasema inaenda kwa bengine, lakini kwa ba myaka 8 minaona kurudilia kunafundisha zaidi). Maneno ya myaka nayo, "ule kule eko na ndevu, haiko minime (kundi la batoto)!", hiyo ni kazi ya bale benye banapanga turnwa, na makaratasi mu mukono, mbele ya mupira kuanza. Usikubali kuisambisha mu katikati ya mechi. Andika malalamiko mu kaye yako, mechi iendelee.

Kiisha utembee tereni yote na miguu yako. Mawe, chupa zenye zimevunjika, shimo la mayi, uite batoto bakusaidie kutosha. Magoli ya chuma yenye hayafungwe mu udongo, shika nguzo yake usukume na nguvu, kama inatingizika mechi haianze mpaka banaifunga ao banatia mifuko ya muchanga juu ya miguu yake ya nyuma, kwa hiyo usikubali kubembelezwa na muntu, goli ikiangukia mutoto inaweza kumuua. Angalia na vitu yenye batoto banavaa: pete, sheni, ma bangili, yote inatoka, kuifunga na sparadra haikubaliwe. Sheria inaomba viatu na ba protejtibia, lakini tunajua ku kartiye kuna batoto benye banacheza na miguu mitupu. Kama ekipe moya iko na ba kranpon na ingine miguu mitupu, uongee na bakochi batafute viatu ya kuazima ao bote bavae zile za plastiki, na kama mechi inachezwa bila protejtibia basi ile takle ya kuonyesha nyayo usiisamehe ata moya.

Na weye mwenyewe, nguo. Katika huu muji usivae nyeupe na nyeusi, batasema uko wa Mazembe, usivae bulu na manjano, batasema uko Lupopo, na bale bazazi benye beko pembeni bamezaliwa ndani ya ile vita ya ekipe mbili tangu babu zao. Vaa rangi ya kijani ao ya orange, mambo iishe.

Sasa yenye inapita yote: miguu yako. Batoto bote banakimbiaka nyuma ya ballon sawa nyuki, na julayi hapa vumbi inapanda mpaka hauoni kitu, arbitre mwenye amesimama mu rond santrale anaona paka migongo. Ukuwe karibu, metre 10, 15, lakini si mu njia ya ballon, ukae kidogo pembeni penye unaona nafasi kati ya ule mwenye ballon na ule mwenye anakuya kumunyanganya, juu fote inafanyikaka mu ile nafasi. Ukimbie kwa mshazari, kutoka kona moya kuelekea kona ya kule, na muchezo ubakie kati yako na juji wa tushi. Kama hauna ba juji na banakupatia papa moya ashike bendera, mwambie aonyeshe paka ballon imetoka, orje (hors-jeu, muchezaji mwenye amepita ba adversere mbele ya kupewa ballon) na fote abakishie weye. Fote yenye unasifle kutoka metre 40, ata kama ni ya kweli hakuna mwenye ataikubali, lakini yenye unasifle hapo karibu mutoto mwenyewe anainua mukono anarudi nyuma bila kelele.

Na uongee! Arbitre wa batoto haiko bubu. "Acha mayo yake!", "Mikono chini!", "Nimeona, cheza!", hayo maneno inazuia fote nyingi mbele haijafanyika. Ukisifle, umwambie mutoto neno moya, "umemusukuma na mukono, unaona?", na mupira uendelee, si somo ya dakika mbili. Sifle yenyewe iwe na lugha: fote ya kawaida ni fupi, fote mbaya ni nguvu na ndefu. Ballon ikitoka tushi na bote banaona, haina lazima ya kusifle. Avantaje, ile ya kunyoosha mikono yote mbele na kusema "endelea", kwa batoto badogo utumie kidogo sana, juu ule mwenye ameanguka haelewi kwa nini mupira unaendelea, anaamuka na kasirani anaenda kulipiza.

Mukono, hapo njo makelele yote inatokeaka. Ballon ikigusa mukono bantu bote pembeni "mukono! mukono!", na wewe usisifle juu ya makelele. Ujiulize: mutoto amepeleka mukono kwa ballon? Ao alikuwa ametandaza mikono kufanya mwili yake ikuwe kubwa bila sababu ya vile alikuwa anakimbia? Kama hapana kwa yote mbili, haiko fote, ata ikiwa ndani ya surface ya penalti. Batoto badogo banajikingaka uso na mikono ballon ikikuya na nguvu, hiyo inaonekana sana, na minaomba ufikiri vile mwili wa mutoto unafanya mbele ya kupatiana penalti. Bega haiko mukono, mukono unaanzia pa mwisho wa kwapa. Lakini mutoto akifunga goli na mukono wake, ata bila kutaka, goli haikubaliwe.

Orje minapita mbio: hakuna orje kama uko mu kambi yako, hakuna kutoka tushi, kona, ao ballon ya kipa ya six metre. Na kusimama mu orje peke yake haiko fote, ngoja uone kama anaingia mu muchezo. Kipa naye, tangu 2025 eko na sekonde 8 ya kushika ballon, ikipita ni kona kwa bengine, unahesabu zile 5 za mwisho na mukono juu. Kwa batoto sema kwanza na kinywa, "kipa, tosha", mara ya pili njo usifle.

Karte utembee nazo lakini zisikimbie mbele yako. Mutoto mwenye amekasirika, mara mingi kumuambia kochi "mutoe dakika 5 apoe" inasaidia kupita manjano, na sheria inaruhusu mechi za batoto kuwa na kule kutoka kwa muda, kama mupango wa turnwa umekubali. Kupiga muntu ngumi ao kumutemea mate ni nyekundu, ata eko na myaka 9, umwambie kwa upole lakini anatoka.

Wenye banasumbua kweli ni bakubwa. Omba kamba ao mstari wa chokaa, metre 2 ao 3 kutoka tushi, bazazi babakie nyuma yake. Mzazi akitukana, usiongee naye na usimuangalie, simamisha mupira, enda kwa kochi: "Kochi, ule papa wa shati nyekundu, mimi siendelee mpaka ananyamaza." Akirudilia, bote banakaa chini dakika 5. Mara ya tatu mechi imeisha, unaandika raporo. Kochi naye anaweza kupata karte tangu 2019, na kama anamutukana mutoto wake mwenyewe, "weye haufai kitu", hapo njo uende kwake mbio kupita fote yoyote, umuongeleshe pembeni na heshima, "papa, hapana hivyo", akiendelea umuoneshe karte.

Mutoto akiumia kichwa: simamisha mara moya, na siku ile harudi tena kucheza, ata kama analia anataka. Usikubali bamubebe mbio mbio ao bamumwangie mayi mu uso, kama hawezi kutingiza shingo asiguswe mpaka munganga anafika. Jua kali ya septemba na oktoba, simamisha katikati ya kila mitan banywe mayi. Mvua ikikuya na ngurumo, bote batoke, na si chini ya muembe, baende mu nyumba, bangoje dakika 30 kisha ngurumo ya mwisho.

Makuta ya arbitre ilipwe mbele ya mechi, na benye kupanga, mbele ya ba kapiteni bawili. Kama ekipe moya inataka kukupatia kitu pembeni, ata soda, mwambie angoje, na kama kuna mise kubwa ya makuta kati ya bakubwa nyuma ya ile mechi ya batoto, afazali ukatae kusifle.

Ukiona kazi inakupendeza, enda uulize ku antanti ya mupira ya muji, kwa komisyo ya ba arbitre. Kuna masomo na kuna teste ya kukimbia, na mara mingi banakuanzisha na bendera ku mechi za ba junior. Kwa hiyo anza kukimbia asubui tangu sasa.