Kuingia Uhandisi wa Migodi au Petroli: Pa Kuanzia, Pa Kuangalia, na Panapokwama

Wengi huanza kuuliza kuhusu kozi hizi Januari, matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari nchini Kenya, yakishatoka. Huo ni wakati wa kujaza fomu tu. Kwa wa mfumo wa zamani, uamuzi wenyewe ulifanyika mwishoni mwa Kidato cha Pili, mwanafunzi alipochagua masomo ya kuendelea nayo. Aliyeacha Fizikia wakati huo amejifungia mlango wa uhandisi wote, hata akija kupata A ya Hisabati. Mzazi mwenye mtoto anayesema anataka migodi na mafuta amuulize swali moja kwanza: Fizikia bado unayo?

Kwa walioingia Gredi ya 10 Januari 2026 chini ya mtaala mpya, jambo ni lile lile kwa jina jingine: mkondo wa STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), na humo ndani Fizikia, Kemia na Hisabati kamili. KCSE ya mwisho ya mfumo wa zamani ni ya 2027, na maelezo yanayofuata yanawahusu wanaoifanya au walioifanya.

Cheti cha C+ ndicho kiwango cha chini cha kuingia shahada yoyote, lakini kwa uhandisi hicho ni kizingiti tu. Kwa kawaida unatakiwa uwe na C+ au zaidi katika Hisabati, Fizikia na Kemia, kila somo peke yake. Halafu kuna pointi za klasta, ambazo ndizo waombaji wa kozi hushindanishwa nazo, na hapa ndipo wengi huchanganyikiwa. Klasta ya uhandisi ina masomo manne: Hisabati, Fizikia, Kemia na la nne, ambalo ni Biolojia au jingine kama Jiografia. A ni pointi 12, A- ni 11, na kuendelea hivyo hadi C+ ambayo ni 7. Jumla ya manne hayo haizidi 48. Masomo saba yanayotengeneza gredi ya cheti hayazidi 84.

Chukua kalamu. Gawanya jumla ya masomo manne kwa 48. Gawanya jumla ya saba kwa 84. Zidisha majibu hayo mawili, tafuta kipeuo cha pili, kisha zidisha kwa 48.

Tuseme wanafunzi wawili wote wamepata pointi 66, yaani B. Wa kwanza ana Hisabati A-, Fizikia B+, Kemia B na Jiografia B+. Manne yake ni 40, na klasta yake inatoka 38.8. Wa pili ana B- katika Hisabati, Fizikia, Kemia na Biolojia. B yake imebebwa na Historia, Dini na Kiswahili. Manne yake ni 32, na klasta inatoka 34.7. Vyeti vyao vinafanana, lakini wameachana kwa pointi nne, na katika kozi za uhandisi hata nusu pointi humwacha mtu nje. Ndiyo maana ukiwa Kidato cha Nne na umebakiwa na muda mchache, saa moja ya Kemia ina thamani kuliko saa moja ya somo lisilo katika klasta yako. Tovuti ya KUCCPS, shirika la serikali linalowapangia wanafunzi vyuo, itakuonyesha pointi zako kamili kwa kila kozi, na hizo ndizo za kufuata. Hesabu ya kalamu hutofautiana nazo kidogo.

Mtu wa Nairobi ana vyuo viwili karibu, vyote upande wa Barabara ya Thika. JKUAT, pale Juja, ina idara ya migodi, nyenzo na petroli, na hufundisha uhandisi wa migodi na uchenjuaji wa madini. Chuo Kikuu cha Kenyatta kina idara inayoshughulika na nishati, gesi na petroli. Mbali zaidi, Chuo Kikuu cha Taita Taveta kule Voi kimejijenga hasa kwa migodi, na kimeshirikiana na Wajerumani katika kituo chake cha mafunzo ya madini. Usikidharau kwa sababu ya umbali. Kusomea migodi katika kaunti yenye wachimbaji wa vito kuna faida yake.

Kabla ya kuchagua, fungua orodha ya Bodi ya Wahandisi ya Kenya, EBK, uone kama kozi hiyo, kwa jina hilo hasa, katika chuo hicho hasa, imeidhinishwa. Chuo kuwa na kibali cha serikali hakutoshi. Ukimaliza miaka mitano katika kozi isiyotambuliwa na bodi, huwezi kusajiliwa kuwa mhandisi mhitimu, na bila usajili huo miaka yako ya kazi haikufikishi kwenye uhandisi kamili wa kitaaluma. Vilevile soma jina la shahada mpaka mwisho. Jiolojia ni taaluma nzuri, Chuo Kikuu cha Nairobi kimeifundisha miaka mingi pale Chiromo, lakini mwanajiolojia husajiliwa chini ya sheria yake na bodi yake. Anayetaka kuwa mhandisi asiingie jiolojia akidhani atahamia baadaye kwa urahisi.

Kuomba kwenyewe si kazi ngumu. Unaingia tovuti ya wanafunzi ya KUCCPS kwa namba yako ya KCSE na mwaka wa mtihani, unatafuta kozi, unanakili msimbo wake, unalipa ada kwa simu, unajaza chaguo zako. Makosa hutokea kwenye saiba, watu wakiwa foleni na dirisha linakaribia kufungwa. Kozi moja ina misimbo tofauti kwa kila chuo. Tarakimu moja ikikosewa umejipeleka chuo kingine au kozi nyingine. Andika misimbo nyumbani, kwenye karatasi, na usitoke kwenye tovuti kabla ya kuona chaguo zako zimehifadhiwa. Kiwango cha mwisho unachokiona kwenye tovuti ni cha mwaka uliopita. Kinaweza kupanda. Weka juu kozi unayoitaka kweli hata kama uko ukingoni, lakini chaguo za chini ziwe za kozi ambazo umezipita kwa pointi mbili au tatu.

Kupangiwa chuo si kupata fedha. Ufadhili na mkopo huombwa kando, kwenye tovuti ya HEF, mfuko wa serikali wa elimu ya juu, na asiyeomba hutegemewa ajilipie. Tayarisha kitambulisho chako, namba za vitambulisho vya wazazi au cheti cha kifo, picha ya pasipoti na laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako mwenyewe. Laini ya mama haitakufaa hapa.

Sasa, migodi au petroli? Ushauri wetu ni migodi kwa shahada ya kwanza. Mafuta ya Turkana yaligunduliwa 2012 katika kisima cha Ngamia-1, na shehena ya kwanza ikaondoka Mombasa Agosti 2019, lakini hiyo ilikuwa ya majaribio. Nchi nzima tegemeo ni bonde moja la Lokichar. Migodi nayo hufungwa, kama ule wa titani wa Kwale ulivyoacha kuchimba mwisho wa 2024 madini yalipokwisha, ila mhandisi wake ana pa kwenda: magadi, chokaa ya saruji Athi River, dhahabu ya magharibi, au Geita ng'ambo ya mpaka. Moyo ukiwa kwenye visima kabisa, uhandisi wa mitambo au wa kemikali ukifuatiwa na shahada ya pili ya petroli ni njia salama. Na usisahau Olkaria: visima vya mvuke huko hufika kama mita 3,000, na mitambo ya kuchimbia ni jamaa ya ile ya mafuta.

Pointi zisipofika, kuna diploma kuanzia C-. Diploma ya uhandisi hukusajilisha kama fundi sanifu chini ya KETRB, bodi inayosajili mafundi sanifu wa uhandisi, na baadaye unaweza kuomba shahada. Uliza chuo mapema kama kitakupunguzia miaka, maana wengine huanza upya mwaka wa kwanza.

Kabla ya kufunga chaguo zako, nenda machimbo ya mawe ya Ndarugu, karibu na Juja, kule yanakotoka mawe mengi ya kujengea nyumba za Nairobi. Omba ruhusa kwa msimamizi, vaa viatu vigumu, simama mbali na ukingo. Tazama msumeno unavyokata mwamba, vumbi linavyotanda, maji yanavyokusanyika chini shimoni. Kisha jiulize: maji haya yatatolewaje, ukuta huu utasimama kwa mwinuko gani, vumbi hili litazuiwaje lisiingie kwenye mapafu ya wale vijana? Ikiwa maswali hayo yanakufuata hadi kwenye matatu ya kurudi mjini, jaza msimbo wa migodi kwenye nafasi ya kwanza.