Chuo cha sheria cha binafsi, tena kichanga: angalia haya kabla hujalipa ada

Dirisha la udahili likifunguliwa tu simu yangu haipumziki, mara mtoto wa dada, mara jirani, mara mtu nimesoma naye shule ya msingi ananiambia "mjomba wa watu, dogo kapata chuo cha sheria, kipya, cha binafsi, majengo yanang'aa, nimlipie?" Sasa nimechoka kujibu mmoja mmoja, nimeona niandike mara moja.

Nianze kwa kusema sina dharau na vyuo vichanga. Mimi LLB yangu, yaani digrii ya kwanza ya sheria, nimeisoma kwenye chuo cha binafsi ambacho sisi tulikuwa batch ya pili, maktaba chumba kimoja na feni moja, na leo navaa joho mahakamani kama wengine. Halafu tusisahau, hata Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kulianza hivyohivyo, Oktoba 1961 kitivo cha sheria kilifunguliwa na wanafunzi 14 tu, tena hawakuwa na Mlimani wenyewe, walikuwa kwenye jengo la TANU pale mtaa wa Lumumba. Kwa hiyo uchanga si kosa. Kosa ni kulipa hela bila kuuliza.

Cha kwanza kabisa, ithibati. Na hapa ndio watu wengi wanapigwa, kwa sababu wanauliza "chuo kimesajiliwa?" wanaambiwa ndiyo, wanaonyeshwa cheti kwenye fremu ukutani, basi wanaridhika. Chuo kusajiliwa ni kitu kimoja, na ile kozi yenyewe unayoenda kusoma kukubaliwa ni kitu kingine. Chuo kinaweza kuwa halali kabisa kwa ualimu na biashara lakini LLB yake bado iko "mbioni". Ndugu yangu mmoja aliambiwa hivyohivyo, mbioni, akakaa semesta nzima anasoma, mwisho wa siku wakaambiwa wahamie kozi nyingine au watafute chuo kingine, na ada ya semesta ile mpaka leo haijarudi. Chuo sikitaji. Kwa hiyo usimuulize mtu wa udahili pale mapokezi, yeye kazi yake ni kukuvuta, ingia mwenyewe kwenye kitabu cha mwongozo wa udahili cha TCU, ile Tume ya Vyuo Vikuu, cha mwaka huohuo, tafuta jina la chuo halafu tafuta LLB chini yake. Haipo, funga simu. Kwa cheti na diploma unaangalia NACTVET, baraza la elimu ya ufundi na mafunzo ya ufundi stadi, sio TCU. Na usitumie kitabu cha mwaka jana, mambo yanabadilika, 2017 TCU ilizuia vyuo 19 visidahili kwa mkupuo mmoja.

Cha pili jua kila programu inakufikisha wapi, maana chuo cha binafsi kitakupangia menyu ndefu. Kuna cheti cha sheria, kuna diploma, kuna LLB, vingine wanaongeza na masta. Cheti na diploma ni ngazi nzuri kwa mtu ambaye form six haikukaa vizuri au hakupita kabisa, unapanda taratibu, lakini cheti na diploma peke yake havikufanyi uwe wakili, hapana, hata ukisoma kwa malaika. Tena kama lengo lako ni hiyo diploma tu, kwa mfano unataka ukarani wa mahakama, kabla hujakimbilia binafsi linganisha kwanza na Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto, ni cha serikali na hiyo ndio kazi yao. Kutoka diploma kwenda digrii wanataka GPA, yaani wastani wa alama zako, kuanzia 3.0, kwa hiyo mtoto akienda diploma akalala, njia imeziba hapohapo. Kwa form six kiwango cha chini ni principal mbili, yaani masomo makuu mawili uliyofaulu, zenye jumla ya pointi 4, na D ni pointi 2, yaani D mbili kwenye makaratasi zinatosha, ila kila chuo kinaweka na masharti yake ya masomo juu ya hapo, soma yale maandishi madogo.

LLB ni miaka 3 au 4 kutegemea chuo. Ile ya jioni kwa watu wa kazini ipo pia sehemu nyingine, na mimi nina mashaka nayo kidogo, sio kwamba ni mbaya, ila kwenye chuo kichanga vipindi vya jioni ndio vya kwanza kufa lekchara akipata dharura.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Digrii ya sheria Tanzania Bara ni nusu ya safari, nusu ya pili ni ile taasisi ya mafunzo ya uanasheria kwa vitendo, Law School of Tanzania, sisi tunaiita Law School tu, ilianzishwa kwa sheria ya 2007, ipo Dar barabara ya Sam Nujoma. Bila kupita pale huapishwi uwakili, na ukisoma matangazo ya ajira za hakimu mkazi au wakili wa serikali utaona wanakudai cheti cha pale. Na pale hawaangalii umetoka chuo gani, mnaingia wote kapu moja. Mnakumbuka 2022? Wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja 26. Ishirini na sita! 342 wakapata sapu, yaani kurudia mitihani, 265 wakadisko, yaani wakaondolewa masomoni. Nchi nzima ikapiga kelele, waziri wa Katiba na Sheria wa wakati ule, Damas Ndumbaro, akaunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe, na mjadala mkubwa ukawa hawa watoto vyuo vimewapika au vimewapaka rangi tu.

Kwa hiyo swali la kumuuliza mkuu wa kitivo ni moja, na muulize ukimtazama usoni: wahitimu wenu waliokwenda Law School ni wangapi, na wamevuka wangapi? Akikujibu kwa namba, hata kama namba yenyewe sio nzuri, huyo ni mtu wa kuongea naye. Akianza habari za wifi na hosteli, umeshajibiwa.

Sawa, lakini kama chuo ni kichanga kiasi kwamba hakijatoa hata mhitimu mmoja? Hapo omba kuona mitihani yao iliyopita. Hii mbinu alinifundisha lekchara wangu mmoja na haijawahi kuniangusha. Ukikuta maswali yote ni "taja sifa tano za mkataba halali", hapo wanafundisha kukariri. Ukikuta "Juma kamuuzia Asha shamba, kabla ya kuandikishana Juma kafariki, mjane anagoma kutoka, mshauri Asha", basi hapo kuna mtu anafundisha sheria, kwa sababu Law School na mahakamani hakuna atakayekuuliza sifa tano, atakuja Asha analia na karatasi zake kwenye mfuko wa Rambo.

Angalia na walimu. Waulize wa kudumu ni wangapi na nani anafundisha ushahidi na mwenendo wa mashauri ya madai, maana hayo ndio masomo yanayoua watu mbele ya safari. Wale wa kuazima wanaokimbizana na vyuo vitatu kwa wiki si wabaya, wengine ni mawakili wazuri sana, shida ni kwamba siku akiwa na kesi nyie hamna kipindi.

Maktaba sijali sana siku hizi. Hukumu ziko TanzLII, ile tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania, bure, unasoma hata kwenye simu, mradi walimu wawe wanawatuma huko. Nachojali zaidi ni kliniki ya sheria, yaani wanafunzi wanakaa na wananchi wenye matatizo kweli wakisimamiwa na wakili, na mashindano ya mahakama ya kuigiza, wanafunzi wanabishana kesi ya kubuni, hata ya ndani ya darasa tu, sio lazima mpelekwe kwenye yale ya Afrika nzima ya haki za binadamu. Na Kiingereza jamani. Kiswahili kimekuwa lugha ya mahakama tangu sheria ibadilishwe 2021, sawa, lakini vitabu na hukumu za nyuma karibu zote ni Kiingereza, mitihani pia. Chuo kisichokusahihishia uandishi wako mwaka wa kwanza kinakupeleka kuzama.

Hela: omba muundo wa ada wa miaka yote kwa maandishi, pamoja na vile vidude vya pembeni, mitihani, kitambulisho, TCU, mahafali. Lipa benki kwenye akaunti yenye jina la chuo, kamwe sio namba ya simu ya mtu. Na piga hesabu ya Law School tangu leo, kuna ada nyingine kule na chumba cha kupanga Dar, wengi wanamaliza LLB halafu wanakaa mtaani mwaka mzima wanatafuta hiyo.

Kama mpango wako ni kufanya kazi Zanzibar, jua kule uwakili una utaratibu wake na daftari lake, ulizia hukohuko kabla hujachagua.

Mwisho nenda chuoni mwenyewe, na usiende siku ya maonyesho waliyoweka maturubai na muziki. Nenda Jumatano ya katikati ya semesta, saa nne hivi, kaa kwa mama ntilie wa pale nje, agiza chai na chapati, tafuta wawili watatu wa mwaka wa pili uwaulize wiki iliyopita vipindi vingapi havikufanyika. Watakwambia, njaa na chai vikikutana hakuna siri.