Umetoka ligi, umepewa timu ya chuo: anzia hapa

Nilicheza namba tatu, yaani beki wa kushoto, Ligi Kuu miaka saba, magoti yakakataa. Huu ni msimu wa nne nafundisha timu ya chuo kimoja hapa Dar. Wenzangu waliostaafu wananipigia simu kuuliza kazi hii inaanzwaje, basi nawaandikia kwa pamoja.

Kabla ya mpira, tafuta ratiba ya vipindi. Kaa na waziri wa michezo wa serikali ya wanafunzi, andika nani ana darasa la jioni na nani anakaa wapi. Wiki yangu ya kwanza nilipanga mazoezi saa tisa alasiri kama klabuni, wakaja wanane. Wengine walikuwa darasani, wengine kwenye foleni ya Mbagala. Sasa tunaanza saa kumi na nusu Jumanne na Alhamisi, na Jumamosi alfajiri. Masika uwanja ukijaa maji tunakimbia Coco Beach bahari ikiwa imekupwa, mchanga ukiwa mgumu.

Kazi kubwa ni kueleza. Miguu yako inajua mambo ambayo hujawahi kuyatamka. Beki wangu wa kushoto, kijana wa uhasibu mwaka wa pili, alikuwa anapitwa na kila winga. Nikawa nampigia kelele, "Msome! Msome!" Siku moja akasimama, akauliza kwa heshima, "Kocha, nisome nini?" Sikuwa na jibu. Usiku ule nikamsimamisha mwanangu koridoni na mpira, nikamwambia anipite polepole, huku najichunguza. Kumbe siangalii mpira wala uso, naangalia kiuno. Mguu unadanganya, lakini kiuno kinaelekea anakokwenda. Halafu naacha nafasi ya kama mkono mmoja na nusu. Mguu wangu wa kulia uko mbele kuziba njia ya ndani, ili akitaka kupita apitie pembeni, ambako mstari unanisaidia kukaba.

Kesho yake nikampa mambo hayo matatu tu: kiuno, mkono na nusu, mguu wa kulia mbele. Tukayafanya kwa kutembea, kisha nusu mwendo, kisha mbio kamili. Wiki ya tatu akaanza kuwanyang'anya mipira. Fanya hivyo kwa kila ujuzi ulionao: ujaribu mwenyewe taratibu, uupe maneno machache, ndipo uende nao uwanjani.

Simu itakusaidia. Mpe mchezaji wa akiba arekodi dakika tano akiwa nyuma ya goli, kisha mtazame pamoja. Kule Marekani Tony Gwynn alicheza besiboli San Diego Padres misimu 20, kuanzia 1982 hadi 2001, halafu akarudi kufundisha chuo alichosoma, San Diego State. Alianza kujirekodi akipiga mpira tangu 1983, enzi za mikanda, na akaendelea kujitazama hivyo miaka yote. Mchezaji wake mmoja pale chuoni, Stephen Strasburg, ndiye aliyechaguliwa wa kwanza nchi nzima mwaka 2009 kuingia ligi kubwa. Mimi naamini mtu aliyejitazama kwa bidii namna ile hawezi kukosa la kumwambia mwanafunzi.

Hadithi za "enzi zetu" weka akiba. Posho yako kubalianeni kwa maandishi mapema. Kama huna leseni ya ukocha, kozi ya D ya CAF, shirikisho la soka Afrika, inapitia TFF, shirikisho letu la hapa nchini, nenda. Utakutana na mambo ya kupanga mazoezi ambayo kucheza peke yake hakufundishi.

Na waulize wamekula nini. Boom, ile pesa ya kujikimu ya mkopo, likichelewa, kijana anakuja na chai ya asubuhi tu tumboni, halafu unamwita mvivu. Mimi nabeba ndizi, karanga na ndoo ya maji, na asiyekula mchana anafanya mipira iliyokufa, yaani kona na frikiki, hakimbii.

Wiki za UE, mitihani ya mwisho wa muhula, acha kabisa mbinu. Weka dakika 40 za kucheza kwa anayetaka, na asiyekuja usimuulize. Kipa wangu wa msimu wa kwanza alidisko, yaani aliondolewa chuo kwa kufeli, huku nikimdai mazoezi ya asubuhi. Siku hizi kila baada ya test namwita mchezaji mmoja mmoja, aniambie anaendeleaje. Akiwa na hatari ya sapu, yaani kurudia mtihani, namtoa kikosini hadi amalize, hata kama ni nahodha.